Kuitwa sanaa si kupewa nishani

Oktoba 1926 meli ilitia nanga New York ikiwa imebeba sanamu za Constantin Brâncuși, mchongaji wa Kiromania aliyekuwa akifanya kazi Paris. Maofisa wa forodha wakafungua makasha kama wafanyavyo kila siku. Katika kasha moja wakakuta kipande chembamba cha shaba, kimetuna kidogo katikati, kimechongoka kuelekea juu, na kimesuguliwa hadi mtu anajiona ndani yake. Jina lake lilikuwa Ndege Angani. Hakikuwa na mdomo, wala mbawa, wala miguu, wala hata unyoya mmoja.

Sheria ya Marekani wakati huo iliruhusu kazi za sanaa kuingia bila ushuru. Basi maofisa wale wakalazimika kujibu, palepale bandarini, swali ambalo wanafalsafa wamelihangaikia kwa karne nyingi. Jibu lao lilikuwa kwamba ile si sanaa. Wakaiingiza shaba ya Brâncuși katika fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, wakaitoza asilimia 40 ya thamani yake.

Mwenye sanamu alikuwa mpiga picha Edward Steichen. Uamuzi ule ukapingwa, na kesi ikafika Mahakama ya Forodha. Ukisoma yaliyosemwa humo ni kama unasoma tamthilia. Jaji mmoja alimuuliza Steichen: ukikutana na kitu hiki porini, utakifyatulia risasi? Steichen akakiri kwamba hapana. Likaulizwa pia kama fundi hodari wa vyuma hawezi kutengeneza kitu kilekile. Mchongaji Jacob Epstein, aliyekuwa kizimbani akitoa ushahidi, akajibu kwamba fundi anaweza kukisugua kikang'aa, lakini kukibuni hawezi.

Novemba 1928 Brâncuși akashinda. Kabla ya hapo mahakama zilikuwa zimeshikilia kwamba sanamu haihesabiwi kuwa sanaa mpaka iige umbo la kiumbe kama lilivyo. Majaji wa 1928 wakasema kwamba imezuka shule mpya ya sanaa, ambayo wafuasi wake wanajaribu kuonyesha mawazo badala ya kuiga vitu, na kwamba tukubaliane na mawazo hayo au tusikubaliane, ni lazima tuzingatie kwamba yapo na yana nguvu.

Nimeanza na kesi hiyo kwa sababu majaji wale walifanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi tunapobishana kuhusu kazi za kichokozi za zama hizi. Walitenganisha kukipenda kitu na kukubali kwamba ni cha jamii fulani. Pengine ndege yule hakuwavutia hata kidogo. Hilo hawakuona haja ya kulisema.

Msikilize mtu anayesema kwa hasira, "Hii nayo ni sanaa?" Mara nyingi hajauliza swali moja, ameuliza matatu kwa pumzi moja. Anauliza kitu hiki ni cha jamii gani, kama vile mtu anavyouliza kama popo ni ndege au mnyama. Anauliza pia kama ni kizuri, kama kina thamani yoyote kwa anayekitazama. Na anauliza kama kinastahili kile kilichopewa: ukuta wa makumbusho, fedha za umma, kurasa za magazeti, mamilioni ya mnunuzi. Maswali haya yana majibu tofauti, na mtu anaweza kujibu "ndiyo" kwa la kwanza na "hapana" kwa mawili yaliyobaki bila kujipinga hata kidogo. Wimbo mbovu ni wimbo. Nyumba inayovuja ni nyumba, hata kama hakuna anayetaka kulala ndani yake. Lakini tukifika kwenye sanaa tunageuza jina kuwa zawadi, tunaanza kusema "inastahili" au "haistahili" kuitwa hivyo, kana kwamba neno lenyewe ni medali ya kuvishwa shingoni.

Lugha yetu ina sehemu yake katika mkorogo huu. Neno "sanaa" tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kutengeneza, kuunda, kuwa na ufundi wa kazi. Ndiyo maana masikioni mwa Mswahili sanaa inanukia jasho la fundi: mlango uliochongwa maua, mkeka uliosukwa ukasukika. Anayesema "lakini hapa hakuna sanaa" mara nyingi anamaanisha "sioni mkono wa fundi hapa", na neno linamuunga mkono. Wakati huohuo neno "usanii" limeota maana ya pili mitaani. Mtu akisema "ule ulikuwa usanii mtupu" anazungumzia hila, maneno matamu yasiyo na kitu nyuma yake. Kwa hiyo tunapotazama kazi ya kichokozi, tunakuwa na mizani miwili mkononi ndani ya neno moja: kwenye sahani moja ufundi, kwenye nyingine ulaghai. Kitu kisichoonyesha ufundi kinaangukia ulaghai moja kwa moja. Katikati hatujaacha nafasi ya mtu aliye mkweli kabisa ambaye kazi yake haikuhitaji patasi.

Mtu aliyeilazimisha dunia ya sanaa kuitafuta nafasi hiyo ni Marcel Duchamp, Mfaransa. Aprili 1917 chama cha wasanii huru kiliandaa maonyesho makubwa New York. Kanuni yake ilikuwa nyepesi na ya ukarimu: hakuna jopo la kuchuja kazi, ukilipa dola 6 unaonyesha kazi yako. Duchamp alikuwa mmoja wa viongozi wa chama. Kwa siri ikaletwa kazi kwa jina la "R. Mutt". Ilikuwa choo cha ukutani cha wanaume, kile cha haja ndogo, cha kauri nyeupe, kimelazwa chali, kimetiwa sahihi na mwaka, na kuitwa Chemchemi. Ada ilikuwa imelipwa. Wakuu wa chama wakabishana, wakakikataa, na hakikuonekana katika ukumbi wa maonyesho. Duchamp akajiuzulu.

Jambo ambalo mara nyingi husahaulika katika kisa hiki ni kwamba uchokozi ulikuwa na shabaha. Chama kilikuwa kimetangaza kwamba hakimhukumu mtu yeyote, kisha kikahukumu. Choo kile kilikuwa kipimo cha kuona kama ahadi ni ya kweli, na jibu likapatikana. Mwezi uliofuata jarida dogo la New York likatoa utetezi wake: kama Bwana Mutt alikitengeneza kwa mikono yake au la, halina uzito, alikichagua, akakiondoa katika matumizi yake, akakipa jina jipya na mtazamo mpya, na hivyo akaunda wazo jipya kuhusu kitu hicho. Choo chenyewe kilipotea. Tunachokijua ni picha iliyopigwa na Alfred Stieglitz mwaka uleule, pamoja na nakala alizoziidhinisha Duchamp baadaye, nyingi zikiwa za 1964. Kazi iliyotajwa kuliko nyingi za karne ya 20 ilionwa kwa macho na watu wachache sana.

Baada ya hapo wanafalsafa wakawa na mtihani. Fasili za zamani hazikutosha. Tolstoy, mwandishi wa Kirusi, mwishoni mwa karne ya 19 alisema sanaa ni mtu kumwambukiza mwenzake hisia aliyokwisha kuiishi. Fasili nzuri, yenye moyo, lakini ina mlango mwembamba. Mhakiki Clive Bell mwaka 1914 akasema siri imo katika umbo, katika mistari na rangi zinavyopangana. Choo cha Bwana Mutt, ambacho kwa kweli kina umbo laini la kupendeza, hakikuletwa kwa sababu ya umbo lake. Mwaka 1964 Andy Warhol akaonyesha New York masanduku ya mbao yaliyopakwa rangi yakafanana na makasha ya karatasi ngumu ya sabuni ya kusugulia sufuria, yale ya stoo za maduka. Mwanafalsafa Arthur Danto akayatazama na akajiuliza swali ambalo mimi naliona kuwa ndilo kiini cha mambo yote haya: ikiwa vitu viwili vinafanana machoni, kimoja kiko stoo na kingine ni sanaa, basi tofauti haiwezi kuwa jambo la kuonekana kwa macho. Lazima iwe katika kitu kingine, yaani historia iliyo nyuma yake, nadharia iliyopo hewani, mazungumzo ambayo kazi hiyo inayaingilia.

George Dickie alilisukuma wazo hilo mbali zaidi na kusema, kwa ufupi, kwamba sanaa ni kile ambacho ulimwengu wa sanaa umekipa hadhi hiyo. Hapa mimi nasita. Jibu hilo linaeleza nani anashika muhuri, halielezi kwa nini mtu ajali muhuri huo. Linanivutia zaidi wazo la Morris Weitz, aliyeandika mwaka 1956 kwamba sanaa ni dhana iliyo wazi. Alimfuata Ludwig Wittgenstein, aliyetutaka tutazame neno "mchezo". Bao, mpira wa miguu, kujificha, karata: tafuta jambo moja linalopatikana katika yote, hulipati. Yanafanana kama watu wa ukoo mmoja wanavyofanana, huyu ana pua ya yule, yule ana mwendo wa huyu, na hakuna alama moja waliyo nayo wote. Sanaa nayo ni ukoo. Mtoto mpya anazaliwa, sura yake inatushangaza, tunatazama kama ana chochote cha kwetu. Wakati mwingine inachukua miaka mingi kukiona.

Wapenzi wa fasihi ya Kiswahili hawahitaji kwenda mbali kulielewa hili. Kwa karne nyingi shairi lilijulikana kwa vina na mizani, na tungo iliyokosea kanuni hizo ilikuwa na jina lake, guni. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, tungo zisizofuata vina wala mizani ya jadi, wako waliosema kwa uchungu wa kweli kwamba haya si mashairi. Hawakuwa watu wajinga wala wenye wivu. Walikuwa walinzi wa urithi mkubwa, na waliona mtu anavunja ukuta wa nyumba waliyoipenda. Leo mashairi huru yanafundishwa shuleni pamoja na yale ya arudhi, na wanafunzi wanaulizwa maswali ya mtihani juu ya yote mawili. Je, walinzi walishindwa? Sivyo ninavyoona. Mashairi ya vina yanaendelea kutungwa na kupendwa. Kilichotokea ni kwamba ukoo umepanuka, na kazi ngumu imebaki palepale: kulisoma kila shairi huru na kuuliza kama lina pumzi, au kama ni insha iliyokatwakatwa mistari. Zipo nyingi za aina hiyo ya pili. Jina "shairi" halikuziokoa.

Nirudi kwenye ufundi, maana hapo ndipo watu wengi wa kawaida wanapokwama, na wana haki ya kujibiwa kwa heshima. "Hata mwanangu angeweza kuchora hiki." Kauli hii ni ya zamani kuliko choo cha Duchamp. Mwaka 1877 John Ruskin, mhakiki aliyeheshimiwa kuliko wote Uingereza, alitazama mchoro wa James Whistler wa fataki zikianguka usiku, madoa ya dhahabu juu ya giza, akaandika kwamba hakutarajia kumsikia mtu akidai gini 200, fedha ya Uingereza ya wakati huo, kwa kuwarushia watu kopo la rangi usoni. Whistler akamshtaki kwa kumkashifu. Mahakamani wakili wa Ruskin alimbana: picha hii ilikuchukua muda gani? Siku mbili. Basi unadai gini 200 kwa kazi ya siku mbili? Whistler akasema hapana, anazidai kwa ujuzi alioupata katika kazi ya maisha yake yote.

Alishinda kesi, akapewa fidia ya fadhingi moja, yaani robo ya peni. Gharama za kesi zikachangia kumfilisi, na mwaka 1879 mahakama ilitangaza kwamba amefilisika. Jibu lake hata hivyo limeishi, kwa sababu linaonyesha mahali ufundi unapoweza kujificha. Haukai kwenye urefu wa kazi peke yake. Unaweza kukaa katika kujua wapi pa kuacha. Na si lazima tumwamini Whistler kwa maneno tu. Mwaka 2011 watafiti wawili wa saikolojia kule Boston, Angelina Hawley-Dolan na Ellen Winner, walichapisha jaribio: waliwaonyesha watu michoro ya wasanii mashuhuri wa mtindo usioiga vitu, kila mmoja ukiwa bega kwa bega na mchoro wa mtoto au wa mnyama uliofanana nao. Watu walichagua wa msanii mara nyingi kuliko ambavyo bahati nasibu ingeleta, hata pale majina yalipobadilishwa kwa makusudi. Hawakupata kila mara. Lakini jicho lilikuwa linaona kitu.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi, kwa sababu naamini fedha imeuharibu mjadala huu kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1961 Mwitaliano Piero Manzoni alitengeneza makopo 90, akayafunga, akaandika juu yake kwamba kila moja lina gramu 30 za kinyesi chake, na akapanga bei iwe sawa na ya dhahabu ya uzito huo. Inachukiza, ndiyo. Lakini itazame hesabu ile: alichukua kitu cha chini kabisa kitokacho mwilini, akakiwekea sahihi, akauliza soko litafanya nini. Mwaka 2016 kopo moja liliuzwa Milan kwa yuro 275,000. Soko lilijibu, na jibu linalihukumu soko lenyewe.

Mwaka 2019 Mwitaliano mwingine, Maurizio Cattelan, akabandika ndizi ukutani kwa mkanda wa gundi katika maonyesho ya biashara ya sanaa Miami, bei dola 120,000. Novemba 2024 moja ya nakala zake tatu iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 6.2. Mnunuzi, mfanyabiashara wa sarafu za kidijitali, alipata cheti na maelekezo ya namna ya kuibandika ndizi mpya kila ile ya zamani inapooza, kisha akaila ndizi mbele ya waandishi wa habari. Ndizi ya siku ya mnada ilikuwa imenunuliwa kwenye kibanda cha matunda kwa senti 35.

Mimi naiita ndizi ile sanaa bila kusita. Inafanya kazi ambayo kazi za ukoo huu hufanya: inatutaka tuone kitu cha kawaida kwa namna nyingine, inaingia katika mazungumzo yaliyoanzishwa na Duchamp. Na kwa moyo uleule nasema ni kazi nyembamba. Ukishaielewa, umeimaliza. Swali lake lilikwisha kuulizwa na Manzoni kwa ukali zaidi, na Duchamp kwa akili zaidi. Hapa ndipo mtu anayekataa kuipa jina la sanaa anapojinyima silaha yake bora. Akisema "si sanaa", mjadala unafungwa, na watetezi wanamwonyesha cheti. Akisema "ni sanaa, na ni dhaifu, na sababu ni hizi", amewalazimisha kujibu.

Kuna jambo jingine ambalo jina hili halipaswi kulifanya, nalo ni kumfunika mtu na makosa yake. Mwaka 2000 katika jumba la makumbusho la Trapholt, Denmark, Marco Evaristti aliweka blenda kumi zilizojaa maji, kila moja ikiwa na samaki hai wa dhahabu, zikiwa zimeunganishwa na umeme. Mgeni yeyote aliweza kubonyeza. Wako waliobonyeza. Mkurugenzi wa makumbusho alishtakiwa kwa ukatili dhidi ya wanyama, na mwishowe akaachiwa huru. Mtu anaweza kukubali kwamba hiyo ilikuwa sanaa, na hata kwamba ilikuwa na swali zito kuhusu kidole na kitufe, na bado akasema ilikuwa vibaya kuifanya. Marina Abramović aliuliza swali linalokaribiana nalo mwaka 1974 kule Naples: alisimama kwa muda wa saa sita bila kujitetea mbele ya meza yenye vitu 72, waridi, asali, mkasi, bastola na risasi moja, na kuwaruhusu watu wamfanyie watakalo. Walimkatakata nguo. Mmoja alimwelekezea bastola. Hatari ilikuwa juu ya mwili wa aliyekubali. Samaki hawakukubali chochote. Tofauti hiyo kwangu ni kubwa, na neno "sanaa" haliigusi.

Mbona basi nisiwaache watu wakinyime jina kitu wanachokichukia? Wanadhuru nini?

Julai 1937 mjini Munich utawala wa Hitler ulifungua maonyesho mawili kwa siku mbili mfululizo, hatua chache kutoka moja hadi jingine. La kwanza, katika jumba jipya lenye nguzo, lilikuwa la sanaa ya Kijerumani iliyoidhinishwa: miili yenye misuli, familia za wakulima, mandhari tulivu, kila kitu kikionekana kama kilivyo. La pili lilikusanya kazi zipatazo 650 zilizonyang'anywa kwenye majumba ya makumbusho ya Ujerumani, za akina Klee, Kandinsky, Beckmann, Kirchner na Chagall. Zilibanwa katika vyumba vyembamba, nyingine zimetundikwa upande, kuta zimeandikwa maneno ya dhihaka, na bei ambazo makumbusho yalilipa zikaandikwa pembeni ili mwananchi akasirike. Ujumbe ulikuwa mmoja: hii si sanaa, ni upotovu. Zaidi ya watu milioni mbili walipita humo. Ernst Ludwig Kirchner alijiua mwaka uliofuata.

Sisemi kwamba kila anayeikebehi ndizi ya Cattelan ana roho ya Munich. Hilo lingekuwa tusi lisilo haki. Ninachosema ni kwamba neno "si sanaa" likiwa mdomoni mwa mwenye mamlaka huwa na meno. Ofisa wa forodha alitoza ushuru kwa neno hilo. Dola nzima ilinyang'anya zaidi ya kazi 16,000 kwa neno hilo. Neno "ni sanaa mbaya" halijawahi kuwa na nguvu za namna hiyo, kwa sababu linaacha mlango wazi wa kujibiwa. Ndiyo sababu nataka jina ligawiwe kwa mkono mpana, na sifa kwa mkono mzito.

Sasa sifa hiyo tuipeleke wapi? Uchokozi peke yake haunitoshi. Mshtuko ni kama kubisha hodi kwa nguvu: umenifanya nigeuke, lakini bado hujaniambia ulichokuja nacho. Kipimo ninachokitumia mimi ni kusubiri mshtuko upite, kisha kutazama kilichobaki.

Katika makumbusho ya sanaa ya Chicago huwekwa kazi ya Felix Gonzalez-Torres, mzaliwa wa Cuba, aliyoitengeneza mwaka 1991. Unachokikuta ni rundo la peremende kwenye kona ya chumba, limeegemea kuta mbili, limemwagika sakafuni. Peremende zimefungwa karatasi za kumetameta, nyekundu, buluu, kijani, za rangi ya fedha, kama zile za dukani. Ni za dukani. Msanii hakuzitengeneza. Na unaruhusiwa kuchukua. Katika jengo ambalo kila mahali pengine unaambiwa usiguse, hapa unainama, unaokota moja, unaifungua, unaitia mdomoni. Wengine wanacheka. Mzazi anamwambia mtoto moja inatosha. Mtu anayepita haraka anaweza kabisa kusema: wameishiwa mawazo, sasa wanatumwagia pipi na kuita sanaa.

Uzito uliokusudiwa wa rundo hilo ni ratili 175, karibu kilo 79. Watu wengi huusoma uzito huo kuwa ni wa mwili wa Ross Laycock, mpenzi wa msanii, alipokuwa na afya. Ross alikufa kwa Ukimwi mwaka huohuo wa 1991. Kila peremende inayochukuliwa inaupunguza mwili ule. Rundo linakonda siku nzima, mbele ya macho ya watu, kwa mikono ya watu, wasiokusudia ubaya wowote. Utamu ulio mdomoni mwako ni sehemu ya mtu. Halafu, kwa mujibu wa masharti ya kazi yenyewe, rundo linaweza kujazwa tena, likarudia uzito wake, jambo ambalo hakuna daktari aliyeweza kulifanya. Gonzalez-Torres naye alikufa kwa ugonjwa huohuo mwaka 1996. Peremende bado zinajazwa.

Hapo hakuna patasi, hakuna mfanano na kiumbe, hakuna hata kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mkono wa msanii. Na mimi sijui mchoro wa mwili wa mgonjwa, hata uliochorwa kwa ustadi wa mwisho, ambao ungenifanya nielewe kufiwa kwa namna hii, kupitia ulimi.

Mtu atasema: lakini bila maelezo nisingejua. Kweli. Wala fumbo halifumbuki kwa asiyejua lugha yake. Picha za kanisani za zama za kale hazisemi kitu kwa asiyekijua kisa cha mtakatifu aliyechorwa humo. Kwake ni mwanamume aliyebeba ufunguo. Kuhitaji kujua kitu kabla ya kuguswa si aibu ya kazi za kisasa peke yake. Swali ni kama ukishajua, kazi inapanuka au inakwisha. Ndizi inakwisha. Peremende hazikwishi.

Mwaka 2022 makumbusho ya Chicago ilibadilisha maelezo yaliyokuwa ukutani karibu na rundo. Maelezo mapya yalizungumzia uzito na namna kazi inavyobadilika, bila kusema Ross alikuwa nani wala kuutaja Ukimwi. Watu waliona, wakalalamika hadharani, na kwa nguvu. Hawakuwa wakigombea kama rundo lile ni sanaa. Walikuwa wakimdai mtu aliyeondolewa. Makumbusho ikaandika maelezo upya, na Ross akarudishwa ukutani.